Bao Ambalo Mgeni Rasmi Hakuliona

Nchi ninayotaka kuieleza iko mbali sana na kwenu, na watu wake hawafanani na mtu yeyote unayemfahamu. Nasema mapema ili msomaji asome kwa amani. Ni nchi yenye milima, mihogo, wachungaji na mashehe wa kutosha, na serikali inayowapenda watu wake kiasi kwamba haiwaachi peke yao hata kidogo. Kukiwa na harusi, serikali ipo. Kikichimbwa kisima, serikali inakizindua. Kikikauka, inarudi kukizindua upya. Na panapochezwa mpira, lazima awepo mgeni rasmi.

Mgeni rasmi ni yule anayekaa kwenye kiti chenye kitambaa cheupe, mbele yake meza yenye maua ya plastiki na chupa za maji. Huwapa wachezaji mkono, husema maneno machache ambayo huwa mengi, kisha hutazama mpira. Ni desturi nzuri na sitaki mtu aicheke. Kasoro yake ni ndogo tu: mgeni rasmi hafiki kwa wakati. Siyo uvivu. Mtu mkubwa akifika mapema, wananchi watadhani hana kazi nyingine, na wakishadhani hivyo watalala vipi?

Msimu ule Waziri wa Michezo na Mapokezi alikuwa Mheshimiwa Dokta Leonsi Kitwangale, mtu mwenye sauti nene na mapenzi ya kweli kwa soka. Siku ya ufunguzi wa ligi alifika uwanjani wakati wa mapumziko, akatazama ubao, akaona mabao mawili. Akamwita Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Ombeni Kisauji, aliyekuwa akimfuata kila mahali na mwavuli, akamuuliza mabao yale yalifungwa kwa idhini ya nani. Bwana Kisauji alishika mwavuli kwa mikono miwili na kuutazama, kama kwamba jibu lingeweza kuwa ndani yake.

Kesho yake redio ikatangaza utaratibu mpya. Mpira utaanza saa kumi kama dunia inavyotaka, kwa kuwa nchi ile inaheshimu mikataba. Lakini bao litakalofungwa kabla mgeni rasmi hajaketi halitahesabiwa. Na timu mwenyeji itakayokosa mgeni rasmi kabisa itahesabiwa kuwa imeshindwa, kwa kosa la kukosa mvuto. Waziri alifafanua mwenyewe kwa sauti yake:

"Bao ambalo mgeni rasmi hakuliona ni uvumi. Na serikali hii, ndugu wananchi, haiongozwi kwa uvumi. Inaongozwa kwa kuona, kwa macho mawili, tukiwa tumeketi."

Watu walipiga makofi. Walikuwa wameombwa wapige.

Mtu aliyeumizwa na utaratibu ule kuliko wote aliishi Kifumbu, mji wa wachoma chokaa. Kule vumbi jeupe hutua juu ya kila kitu, mbuzi wote wana mvi, na suti nyeusi ikiingia asubuhi jioni hutoka ya kijivu. Timu yao iliitwa Chokaa, na kocha wao alikuwa mwanamke, Perisi Lukwaro, aliyewahi kuchezea netiboli timu ya mkoa na mwenye sauti inayosikika hadi upande wa pili wa mlima.

Kifumbu yote imekaa mteremkoni. Mahali pamoja tu ni tambarare, nao ni uwanja wa mpira. Mungu hakuusawazisha yeye. Aliwapa akina mama wa Kifumbu majembe na moyo, wakaukata mlima kiangazi kizima, Perisi akiwa mbele yao na ujauzito wa mtoto wake wa mwisho. Juu ya uwanja ule watu huswali Idi, huimba alfajiri ya Pasaka, huanika mihogo. Ila ikifika saa kumi, mihogo huondolewa.

Sasa, misafara ya wageni rasmi ilikuwa imerefuka sana. Ilipofika katikati ya msimu, magari ya mbele yalikuwa yanafika uwanjani wakati ya nyuma bado yanaosha vioo nyumbani. Pakahitajika pa kuyaweka. Waziri akatangaza kwamba timu itakayoshika mkia mwisho wa ligi itanyang'anywa uwanja wake, uwe Maegesho ya Taifa, isipokuwa timu hiyo iwe imeleta kombe nyumbani.

Perisi aliposikia alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua, ila alianza kutupa yale mazuri na kubakiza mabovu.

Alijua hesabu haiko upande wake. Hakuna mgeni rasmi aliyetaka kwenda Kifumbu kwenye vumbi. Mmoja alileta udhuru wa msiba, mwingine wa mafua, wa tatu akasema suti yake ina pumu. Kila udhuru ulikuwa mechi iliyopotea bila kuchezwa. Mara moja tu alikuja Naibu Waziri, naye aliingia mechi ikikaribia kwisha, wakati Chokaa wanaongoza kwa mabao manne. Aliwapa mkono wachezaji wote, marefa, waokota mipira na muuza karanga. Kisha akaketi, na mabao manne yakafutwa ubaoni kwa kitambaa kibichi. Naibu akasema ametoka mbali na angependa kuona bao walau moja. Refa alikuwa mtu mwenye familia. Akawapa wageni penalti.

Jumapili ile Perisi alikaa kanisani muda mrefu baada ya wengine kutoka. Hatujui alimwambia nini Mungu wala alijibiwa nini. Tunachojua ni kwamba Jumatatu alikuja mazoezini na mzigo wa miwa.

Aliwaambia vijana wake wakae chini watafune. Nahodha, Zabloni Mtepa, mchoma chokaa mwenye miguu mirefu kama ya korongo, akauliza kama hiyo ndiyo adhabu. Perisi akamwambia hiyo ndiyo mbinu. Kama mabao ya mwanzo ni uvumi, wanakimbilia nini? Wapumzike. Wapinzani watakimbia watakavyo, wafunge wachoke. Wao wasikilize barabarani tu. Wakisikia king'ora cha msafara, wainuke kama nyumba inaungua.

Kuanzia hapo mazoezi ya Chokaa yalikuwa kitu cha kutazamwa. Kocha alijificha nyuma ya goli akalia kama king'ora, na watu wazima waliokuwa wamelala na miwa mdomoni wakaruka na kukimbia. Mbwa wa mtaa ule walijifunza pia.

Kwenye ligi walikuwa wameshachelewa, mkia walishaushika. Lakini Kombe la Taifa lilichezwa kwenye viwanja vya mjini, ambako wageni rasmi walipenda kwenda. Chokaa walikuwa wanaingia, wanasalimia, wanakaa. Kipa aliegemea nguzo ya goli na kufunga macho. Timu kubwa zenye viatu vya rangi zikafunga mabao sita, saba, zikashangilia mpaka zikatoka jasho la mgongo. Kisha king'ora kikasikika. Mgeni rasmi alipokuwa anarekebisha koti ili aketi, Zabloni alikuwa tayari ameshafika langoni kwa watu.

Wapinzani walilalamika kwamba huo si mpira. Waziri hakukubaliana nao. Siku ya fainali aliwasifu Chokaa kwa machozi, akasema ni timu ya kwanza aliyowahi kuiona inayowangoja viongozi wake bila kutangulia. Akawakabidhi kombe.

Perisi alilipokea akapiga goti, akashukuru, akasema sasa uwanja wao umepona. Waziri akamtazama Bwana Kisauji. Bwana Kisauji akakohoa, akaeleza kwa upole kwamba tangazo lilisema kuleta kombe nyumbani. Kombe hili halijaletwa. Lilikuwepo nyumbani siku zote, kwenye kabati la Wizara. Kinachotakiwa ni kombe la kutoka nje.

"Mama yangu, usihuzunike," Waziri akasema. "Nafasi ipo. Bingwa wetu anacheza na bingwa wa jirani zetu. Leteni hilo, na mimi nitakuja kuushuhudia ushindi kwa macho yangu."

"Utakuja saa ngapi, Mheshimiwa?"

"Nitakuja," Waziri akasema, na waliokuwa karibu wakaona Perisi amekosa adabu kwa kuuliza hivyo.

Mechi ya Kombe la Majirani ikapangwa kwenye Uwanja wa Taifa, na refa akatoka nchi ya tatu, mtu mwembamba asiyetabasamu wala kujua waziri ni nani. Perisi alimfuata mapema akamuuliza kuhusu mabao ya kabla ya mgeni rasmi. Refa aliomba arudie swali. Alipolielewa, akasema bao ni bao.

Perisi akawakusanya vijana, akawaeleza mara tatu. Leo hakuna kungoja. Leo kila bao linahesabiwa tangu filimbi ya kwanza. Wote waliitikia kwa kichwa. Wakasali, wakaingia, wakaimba wimbo wa taifa. Refa akapuliza filimbi, na Chokaa wote wakakaa chini.

Walijua, na walikuwa wameambiwa. Lakini miguu ilikuwa imefundishwa msimu mzima, na mguu haubadilishi dini kwa mahubiri ya asubuhi moja. Wageni walidhani wenyeji wanaomba dua, wakasimama kimya kwa heshima. Walipoona dua ina miwa ndani yake, wakafunga bao.

"Zabloni!" Perisi aliita kutoka pembeni. "Inuka, mwanangu, wanatuua!"

Zabloni aliinuka kweli, akatembea kidogo, akasimama akitazama barabarani. Akamwambia kocha kwamba anajitahidi, lakini mwili unakataa kuamini kwamba mechi imeanza. Bao la pili likaingia. Kipa alilipisha kwa adabu.

Perisi akaenda nyuma ya goli akalia king'ora chake cha mazoezi. Siku ile Uwanja wa Taifa ulikuwa umejaa mpaka kwenye miti, ngoma na tarumbeta zinapigwa, na sauti ile ya mlimani ikamezwa yote. Bao la tatu likaingia. Ndipo alipoona gari la wagonjwa limeegeshwa kando ya uwanja, dereva wake amelala kwa kuwa hakuna aliyekimbia kiasi cha kuumia. Alimwamsha, akamwomba awashe king'ora. Dereva akauliza mgonjwa yuko wapi. Perisi akamwonyesha timu nzima.

King'ora kikalia, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, waliinuka kama watu waliomwagiwa maji ya moto. Vipande vya miwa viliruka hewani. Zabloni alifunga la kwanza kabla wageni hawajageuka. Akafunga beki, akafunga beki mwingine, kipa mwenyewe akaja mbele kutafuta lake. Dereva hakuthubutu kukizima. Walicheza hivyo mpaka mwisho, king'ora kikilia na watu wakilia, na mpira wa mwisho wa kona Zabloni akaugonga kwa kichwa ukaingia. Nne kwa tatu.

Refa asiyetabasamu akapuliza filimbi. Kombe likakabidhiwa. Wageni wakapeana mikono na wenyeji, wakapanda basi lao, wakaondoka. Perisi alikuwa amekaa kwenye nyasi amelipakata lile kombe kama mtoto, akiimba pambio kwa sauti ya chini, pale msafara wa Waziri ulipoanza kuingia langoni.

Uliingia kwa muda mrefu. Waziri alikuwa katikati. Alishuka, akawapa mkono wachezaji mmoja mmoja, akaketi kwenye kitambaa cheupe, akatazama uwanja mtupu.

"Mheshimiwa, tumeshinda," Perisi akasema. "Kombe la nje hili hapa."

"Kombe nimeliona, mama. Mabao sijayaona."

"Watu wote hawa wameyaona."

"Hao wote," Waziri akasema kwa huruma ya kweli, "hawajaketi kwenye kiti hiki."

Bwana Kisauji alinong'ona kwamba suluhisho lipo. Mechi irudiwe kwa ajili ya mgeni rasmi, ili mabao yathibitishwe. Akakumbushwa kwamba wageni wameshaondoka. Akasema itifaki haiwezi kushindwa na basi, na kwamba msafara una madereva na walinzi wengi ambao kazi yao siku zote ni kungoja. Wao watakuwa wageni. Akawapanga, akawaeleza taratibu: wafunge matatu, kisha wafungwe manne, kisha twende nyumbani.

Aliyeongoza madereva wale alikuwa Yusto Mangula, dereva mkuu, mtu mzima mwenye kitambi na miwani ya jua. Tangu aajiriwe alikuwa amesikia mechi nyingi akiwa ndani ya gari, lakini hakuwa amegusa mpira tangu shule. Alivua viatu vyake vya kung'aa akavipanga vizuri. Chokaa walikuwa hoi, miguu imekufa ganzi. Madereva wakafunga matatu bila shida, na la tatu alilifunga Yusto, kwa goti. Alisimama pale pale akitazama wavu unavyotikisika. Kisha akawageukia wenzake, akawaambia kitu ambacho Bwana Kisauji hakukisikia, na kuanzia hapo hakuna kilichopita. Golini alisimama mlinzi wa Waziri, aliyefundishwa kwa gharama ya taifa kuzuia kitu chochote kisimfikie mtu aliye nyuma yake. Zabloni alipata bao moja tu, tena mlinzi yule aliliandama mpaka nje ya uwanja.

Waziri alifunga shughuli kwa hotuba. Alisema taifa limepoteza kwa heshima, kwamba matokeo aliyoyaona ni tatu kwa moja, na kwamba ujenzi wa maegesho utaanza mara moja. Nje ya mipaka magazeti yaliandika kwamba bingwa ni Chokaa ya Kifumbu. Ndani ya mipaka hayakuruhusiwa kuingia.

Ujenzi wenyewe ulikuwa wa kung'oa magoli na kuchomeka kibao. Mwisho wa wiki Waziri alikwenda Kifumbu na msafara wote kuzindua. Akakata utepe, akafuta vumbi begani, akaelekea kwa miguu kwenye ukumbi wa mji kuhutubia mambo ya maendeleo, Bwana Kisauji na mwavuli nyuma yake. Magari yakabaki uwanjani na madereva wake.

Perisi hakwenda kwenye uzinduzi. Alikuwa barazani kwake, maharage tena, aliposikia hodi. Alikuwa Yusto, amevua miwani. Akamwamkia shikamoo ingawa umri wao ulikuwa mmoja. Kisha akasema yeye na madereva wenzake wamekuja kuomba mpira.

"Mmenifunga tatu," Perisi akasema. "Mmenichukulia uwanja. Sasa mnataka na mpira wenyewe."

"Mama, sisi tuliambiwa tucheze, tukacheza."

"Mliambiwa mfungwe."

Yusto akainamisha kichwa. "Hilo ndilo lililotushinda," akasema. "Nilipofunga lile la goti... Sijui nikuelezeje. Miaka yote nimekuwa nje ya geti nasikia watu wanapiga kelele, sijui wanapigia nini."

Perisi aliendelea kuchambua. Kisha akamuuliza mpira utachezwa wapi, kwani uwanja umejaa magari. Yusto akasema magari ni yao, wanayaweka wanapotaka. Kibao kinasema maegesho, hakisemi katikati au pembeni. Perisi akauliza kuhusu mgeni rasmi. Yusto alishafikiria. Utaratibu unahusu viwanja vya mpira, na pale si uwanja tena kisheria. Ni mahali pa magari. Hakuna utaratibu wa kumngoja mtu ili ucheze kwenye maegesho.

"Kwa hiyo nani anaanzisha?"

"Si wewe?"

Magari yakasukumwa pembeni yakauzunguka uwanja wote, na watu wa Kifumbu, ambao hawajawahi kuwa na viti, wakakaa juu ya boneti. Magoli yalikuwa nyuma ya duka la mashine ya kusaga, yakarudishwa. Zabloni na wenzake wakaja na hasira zao zote. Perisi akasali sala fupi, akapuliza filimbi, na kila mtu, hata Chokaa, akakimbia.

Waziri alitoka ukumbini wakati kipindi cha pili kimechanganya. Alikuwa na shughuli nyingine mji wa jirani, nayo ilishachelewa kiasi cha kutosha. Bwana Kisauji akatangulia mbio kuita magari. Akamkuta Yusto amelowa jasho, akamwamuru alete magari. Yusto akamwambia wako mbili mbili, wangoje kidogo. Bwana Kisauji akarudi kwa Waziri na hakuweza kulisema hilo neno la kungoja, kwa kuwa hakuwahi kulitumia kwa mtu wa cheo kile. Alifungua mwavuli tu.

Waziri akaja mwenyewe mpaka ukingoni. Hapakuwa na kiti. Alisimama, koti likigeuka rangi taratibu, akitazama jinsi Zabloni anavyowapita madereva wawili na wa tatu anavyomrudia. Alipiga hatua moja mbele ili aone vizuri.

Perisi alipita mbio na filimbi yake shingoni. Hakusimama.

"Mheshimiwa," akasema, "nyuma ya mstari."

Akarudi nyuma ya mstari.